Lango Lililoandikwa Hakuna Kazi

Mitumba ilipojaa sokoni, kiwanda cha mablanketi alikofanya kazi baba kilifungwa. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi kukaa kwake mtaani Maringo. Kwa mwaka mzima nilimwona akikaa sebuleni kila asubuhi, amevaa viatu vya kazi. Kisha yeye na wenzake saba wakamwomba msimamizi wa kiwanja cha kiwanda hicho awaachie banda moja tupu wachonge vinyago, kazi waliyoijua tangu wakiwa kwao Ukambani. Msimamizi alikubali kwa sharti moja: asikute watu wamejazana langoni. Akiwakuta, anafunga.

Nilishuku mpango wenyewe, maana hapakuwa na karatasi yoyote. Lakini mashine zilikuwa zimeng'olewa na bolti zake kubaki sakafuni, nao wakayafunga magogo yao kwenye bolti hizo hizo. Walichonga miti ya jakaranda iliyoangushwa mitaani, wala hawakutafuta mpingo.

Kilichoniudhi ni lango. Kama malango mengi ya Industrial Area, eneo letu la viwanda, liliandikwa HAKUNA KAZI.

"Mnafanya kazi humu," nilimwambia baba. "Mbona mnapita kwenye uongo kila siku?"

"Yaache maandishi hayo. Hayatuzuii kuchonga."

Jumamosi nikayafunika kwa rangi ya kijivu.

Jumatatu nilimsindikiza baba, tukakuta watu kama arobaini langoni, wengi wametembea kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga. Kwao, maandishi yakifutwa, kiwanda kinachukua watu. Kijana mmoja mwenye kofia ya sufu alimsogelea baba.

"Mzee, leo mnachukua wangapi?"

"Hatuchukui. Sisi ni wachongaji tu."

"Sasa mmefuta 'hakuna' ama mmefuta 'kazi'?"

Walicheka, lakini hakuna aliyeondoka. Ilikuwa saa mbili unusu, na msimamizi alikuwa akifika saa tatu. Baba hakunigombeza. Aliingia bandani, akarudi na brashi na kopo la rangi nyeusi, ile ya kuchorea mistari ya vinyago vya pundamilia.

"Andika wewe. Wewe ndiye umesoma."

Niliandika polepole, umati ukiwa mgongoni. Nilipomaliza neno la kwanza, HAKUNA, mwenye kofia aliniuliza, "Na wewe wamekuandika hapa?"

"Hapana."

"Basi koleza hizo herufi, kesho tusipoteze safari."

Nikazikoleza. Wakaanza kuondoka wawili watatu, na msimamizi alipofika alikuta lango liko wazi, hakuna mtu, nyundo za wachongaji zikisikika ndani. Aligusa maandishi kwa kidole, akaona rangi haijakauka, akaingia bila kuuliza.