Fomu Niliyoikosea, Kutoka Milimani Hadi Lanet

Safari hii niliifunga kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Mimi mtawa ninayehudumia wakimbizi hapa Nakuru najulikana kwa kujaza fomu vizuri, na hilo hunipa kiburi kidogo. Wiki iliyotangulia nilimjazia fomu ya usajili Goreti, mama Mrundi, na binti yake. Kadi ya chanjo ilisema Anitha Iradukunda. Mama yake ni Goreti Nahimana. Nikadhani kadi imekosewa, nikaandika Anitha Nahimana, nikaituma. Jana jirani yao akanipigia simu: kwao Burundi kila mtoto hupewa jina lake, si la mzazi. Na maafisa wa usajili wangekuwa Lanet leo tu. Mtoto asiyethibitishwa kuwa wa mama yake huandikwa peke yake, kama yatima.

Saa moja asubuhi nilitoka Milimani kwa bodaboda, shela nimeifunga chini ya kidevu. Mtaani Kaptembwo nilimkuta Goreti mlangoni kwake, Anitha amesukwa vizuri.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Sista, ulikuwa unaandika kwa furaha. Niliona haya kukukatiza."

Maneno hayo yaliniuma njia nzima.

Saa tatu tulikuwa Lanet, foleni imezunguka ukumbi wa kanisa. Zamu yetu ilipofika, afisa aliweka fomu kando ya kadi, akakunja uso.

"Sista, hapa kuna shida. Huyu msichana ako na majina mbili. Ni wa nani?"

Goreti alimvuta binti yake. Mimi nikasimama, sauti kama ya mwalimu darasani ikanitoka.

"Ni wa Goreti. Aliyekosea ni mimi. Kwetu Bungoma kila mtoto hupewa jina la msimu aliozaliwa: dada zangu ni Nafula na Naliaka, mimi Nekesa, na utawani nikaitwa Imelda. Utamwambia mama yangu mimi si wake?"

Foleni ikaangua kicheko. Afisa naye akashindwa kujizuia.

"Sawa, Sista. Lakini hilo kosa uandike, uweke sahihi."

Niliandika, mbele ya watu wote. Akamsajili Anitha Iradukunda kwenye faili ya mama yake.

Mchana tulirudi Kaptembwo. Kuanzia leo nauliza kwanza, kalamu baadaye.

Mlangoni Goreti alinishika mikono yote miwili.

"Asante, Nekesa."

Nakuru nzima huniita Sista. Niliitika upesi, kama mtoto aliyeitwa na mamake.