Sifuri kwenye Safu ya Watoto

Nilipoanza kutafuta takwimu za watoto na polisi hapa Juba, nilidhani taabu yangu ingekuwa kukosa namba. Haikuwa hivyo. Namba nilipewa, tena upesi na kwa tabasamu, na hapo ndipo nilipoanza kuzitilia shaka.

Shirika letu ni dogo, vyumba viwili nyuma ya duka la mabati, kando ya mtaa wa Hai Malakal. Kazi yangu ilikuwa kueleza mambo matatu kwa lugha ambayo mzazi yeyote angeielewa: watoto wangapi wanakamatwa, wangapi wanaumizwa au kuibiwa, na wakishakamatwa wanapelekwa wapi. Kwa sheria ya nchi hii, mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka kumi na minane, na hatakiwi kufungiwa chumba kimoja na watu wazima. Naomba ulishike hilo, kwa sababu mengine yote yanafuata kutoka hapo.

Kituo nilichokuwa nikienda kilikuwa chini ya afisa mmoja mrefu, mpole, aliyesomea katika kambi ya wakimbizi Kenya na kurudi na Kiswahili kizuri kuliko changu. Alinifunulia karatasi ya mwezi bila kunizungusha. Safu ya watu wazima ilikuwa imejaa. Safu ya watoto ilikuwa na sifuri. Nikaomba mwezi uliotangulia. Sifuri tena.

"Jenabu," nilimwambia, kama watu wanavyowaita maofisa hapa, "kweli hamjapata mtoto hata mmoja?"

"Watoto wa eneo hili wana adabu, mwalimu."

Nyuma ya ukuta mtu alikuwa akiimba. Sauti ilikuwa nyembamba, ile ya mvulana anayebalehe, inayokwenda vizuri halafu ghafla inakwaruza kama redio isiyoshika mawimbi. Afisa naye aliisikia. Akafunga jalada.

"Nikuulize na mimi," alisema. "Hizi namba unampelekea nani?"

Nikamweleza. Alinisikiliza kwa adabu, na niliona wazi kwamba haamini hata neno moja.

Ukianza kazi ya namna hii, usikate tamaa mapema. Ukikuta sifuri, usiifurahie wala usiikasirikie. Jiulize kwanza inamfaa nani. Kituo kile kilikuwa na chumba kimoja tu cha mahabusu. Kumwandika mtoto mmoja ni kuandika pia kwamba umemlaza pamoja na watu wazima. Kwa hiyo askari wa zamu walikuwa na kipimo chao, nilichokuja kukiona kwa macho yangu nikiwa nimekaa kwenye benchi la kungojea: komeo la juu la mlango. Kijana akiingia na kichwa chake kikalifikia komeo, aliandikwa miaka kumi na minane. Na wewe unawajua vijana wa hapa walivyo warefu. Komeo lile lilikuwa limewakuza wengi.

Sikuwa na la kufanya na nilichokiona. Bado kilikuwa shaka, na shaka haiandikwi kwenye safu. Kisha ukaja msako wa polisi katika mtaa wa New Site.

Asubuhi zote nilinunua chapati kwa mama mmoja Mganda, aliyekuja Juba kabla ya bendera ya nchi hii kupandishwa na hakurudi tena kwao. Alikuwa na mdomo mwepesi wa utani. Asubuhi ile alinipa chapati bila kunitazama, tena imeungua upande mmoja. Nikauliza kuna nini. Akageuza uso. Aliyenijibu ni jirani yake, muuza nyanya, mwanamke wa hapa hapa aliyewahi kukimbilia Uganda wakati wa vita.

"Mtoto wake wamemchukua polisi. Alitumwa New Site kuleta unga. Vijana wakamzingira, wakamnyang'anya simu, wakamkata mkono na chupa. Polisi walipofika wakazoa wote, na yeye na damu yake."

Unaona jinsi hesabu inavyoweza kupinda. Mtoto huyu, kwa haki, angehesabiwa upande wa walioumizwa. Kwenye karatasi alikuwa mshiriki wa genge. Na nilijua angekuwa ameandikwa umri gani.

"Mama," nilimwambia yule wa chapati, "ana miaka mingapi?"

Alinyanyua macho. Sikuwahi kutazamwa hivyo na mtu niliyemlipa asubuhi zote zile.

"Kwa nini?"

"Akiwa chini ya kumi na minane hawaruhusiwi kumweka mle. Wanatakiwa kumwita mtu wa ustawi wa jamii, na wewe ukae naye wakimhoji."

"Iko na ishirini," alisema. "Mtoto yangu iko mkubwa. Hata hao polisi mimi nilishaambia, ishirini. Wewe andika hiyo na uende."

"Mama, kumwita mkubwa ndiko kunakomfunga."

"Nyinyi watu ya kuhesabu watoto mimi najua nyinyi." Aliisukuma chapati kwa kijiko kana kwamba ilikuwa imemkosea. "Ile gari nyeupe ilikuja hapa sokoni. Ikauliza mtoto huyu ni miaka ngapi, huyu hasomi kwa nini, baba iko wapi. Ikabeba wawili. Mmoja alirudi. Huyo mwingine uliona wewe?"

Sikuwa nimemwona. Sikujua hata gari lile lilikuwa la nani; lingeweza kuwa la watu wema kabisa na bado mama asingekuwa na njia ya kujua. Mume hakuwepo, mwana alikuwa ameacha shule ili amsaidie kukanda unga. Mtoto akiwa mtoto, alidhani, serikali ingeuliza yuko chini ya nani, kisha imbebe. Akiwa mtu mzima, angefungwa, lakini angebaki wake. Alikuwa amechagua lile aliloona ni dogo kati ya mabaya mawili, na hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba ameyabadilisha mahali.

Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Sikutoa kalamu. Muuza nyanya akanihurumia.

"Huyo mtoto ana sauti tangu azaliwe," alisema. "Siku ya bendera, siku ya uhuru yenyewe, watu wote walikwenda uwanjani, sisi tukaenda kuuza. Huyu dada na tumbo lake na karai lake. Uchungu ukamshika palepale kwenye umati. Mimi hotuba sikuisikia hata moja, kwa sababu ya kilio chake. Halafu cha mtoto."

"Wewe nawe," alisema mama wa chapati, taratibu sana.

Muuza nyanya akaziba mdomo.

"Mama," nikasema, "nchi yenyewe haijafika ishirini."

Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha ndani yake. Akafuta mikono kwenye kitenge, akamwachia muuza nyanya karai lake. "Kama watabeba yeye," aliniambia, "mimi nitakuja nyumbani kwako kukaa. Mpaka arudi."

Nilimjibu kwamba chumba changu ni kidogo lakini atatosha.

Njia nzima tulitembea yeye nyuma yangu, si pembeni. Kituoni alisimama mlangoni, mahali ambapo angeweza kuniona mimi na afisa kwa pamoja.

"Huyu ndiye mama yake?" aliuliza afisa nilipomtajia mvulana aliyekatwa mkono. "Jana alisema ishirini."

"Mwulize tena, jenabu. Mwulize alimzaa lini."

Mama alisita. Akaniangalia mimi, akaiangalia kalamu ya afisa mezani. Kisha akasema, bila sauti ya kuomba, "Siku ya bendera. Pale uwanjani, upande ya wauza maji."

Afisa hakuandika. Alijiegemeza kwenye kiti.

"Upande wa wauza maji," alisema. "Nilikuwa nimesimama pale kwenye lindo, jua likinipiga kichwani. Kuna mwanamke alilia mpaka mkubwa wangu akanituma nikaangalie nani amepigwa." Akamtazama vizuri. "Ulinirushia kiatu."

"Ulikuwa unachungulia," mama alisema.

Mpaka leo sijui kama alikuwa yeye kweli, wala kama kile kiatu kilirushwa. Huenda wote wawili walishika kamba waliyotupiwa. Afisa aliinuka, akatoka, na komeo likalia. Mvulana alitokea na mkono uliofungwa kwa kipande cha shati. Alikuwa mrefu, hilo sikatai. Alipomwona mama yake sauti ikamkwaruza katikati ya neno.

"Mchukue," afisa alisema. "Mpeleke hospitali, huo mkono usije ukaoza."

"Na mtu wa ustawi wa jamii?" niliuliza. "Na kwenye karatasi utaandikaje? Huyu ameibiwa na kuumizwa."

"Niandike nini, mwalimu?" Alikunjua mikono kuonyesha chumba. "Hapa hakuna mtoto."

Akatabasamu tabasamu lake lilelile, na sikuweza kujua kama alikuwa ametenda wema au ameitunza sifuri yake. Mwishoni mwa mwezi nilikwenda kuitazama. Ilikuwepo, ya mviringo mzuri. Chini yake, kwenye ripoti yangu, niliandika kwa maneno kwamba namba hii haimaanishi hakuna mtoto aliyelala mle, na kwamba msomaji aulize kituo kina vyumba vingapi vya mahabusu. Mkuu wangu alitaka kuifuta sentensi ile. Tulibishana, ikabaki.

Mama alinipa chapati mbili siku ripoti ilipotoka, na bado hakunitania.

"Jina yake iko ndani ya hiyo hesabu yako?"

"Hayumo, mama. Si upande wa waliokamatwa, si upande wa walioumizwa."

"Vizuri," alisema.

Mwanawe alikuwa anakanda unga kwa mkono mmoja. Kidonda kilikuwa kinapona. Nilimsalimia, na kwa mazoea ya kazi, bila kufikiri, nikamuuliza sasa ametimiza miaka mingapi. Alimtazama mama yake kwanza. Mama aligeuza chapati.

"Ishirini," alisema, na sauti ikakwaruza.