Siku Niliyoikatalia Pikipiki ya Umeme

Wanaonicheka wacheke, lakini mimi bado ndiye mwenyekiti wa stendi yetu ya boda hapa Ediofe. Juzi tuliletewa pikipiki mpya za umeme tuzijaribu, na wenzangu wakangoja neno langu: tubadilishe zetu za zamani, au tubaki nazo?

Nikapanda moja, nikazungusha mkono wa kuongeza mwendo. Kimya; haikunguruma wala kusogea. Nikawageukia wenzangu.

"Hii hapana weza fika Koboko na mzigo," nikawaambia. "Iko ya kupigia picha tu."

Muuzaji aliyezileta akataka kunionyesha vitufe. Nikamkatiza, maana mtu hafundishwi kutembea mbele ya watu wake. Nikabonyeza kitufe nilichokiona, nikazungusha ule mkono hadi mwisho.

Ikaondoka, lakini kinyumenyume. Sikujua kwamba siku hizi pikipiki hurudi nyuma. Tulisimamishwa na meza ya Mama Zaitun, muuza nyanya wa hapo stendi, na mimi nikaangukia nyanya zake.

Mama Zaitun akanitazama kwa utulivu. "Sasa, mwenyekiti, hii pikipiki iko na nguvu ama hapana?"

Stendi nzima ikasogea kunisikiliza.

"Iko," nikasema, nikiwa bado nimezikalia nyanya. "Tutachukua."