Chupa ya Khanyiswa

Mzee Mthetheleli, ambaye majirani zake wa Mdantsane, Afrika Kusini, humwita Tolo kwa jina la ukoo, alikuwa amebakiza miezi mitatu avue kitambaa cheusi cha msiba mkononi. Mkewe, MaMpinga, alizikwa mwezi wa nane. Nyumba ikabaki na watu wawili: yeye, na Khanyiswa, mtoto wake wa pekee, mchomeleaji wa mageti.

Khanyiswa alizaliwa akaitwa mvulana. Ujana wake ulipita katika chumba cha nyuma, pazia limefungwa, MaMpinga akimpelekea sahani mlangoni kama mgonjwa. Kisha zikaja dawa za homoni, na pazia likafunguliwa. Akaanza kutoka. Akaanza kuimba akiwa kazini. Tolo hakuelewa, akamuuliza mkewe mara moja tu. MaMpinga alikuwa anachagua maharage. Akajibu bila kuinua macho, "Mtoto anapona, Tolo. Kama huna la kusema, kula."

Akala. Alikula miaka saba bila kusema kitu.

Sasa MaMpinga hayupo, na kliniki imezisimamisha zile dawa. Khanyiswa alimweleza baba yake, aliyemwita Tata, mezani, kijiko mkononi, chakula hakigusi. Damu yake imepimwa, ikaonekana kama figo zinachoka. Ila inategemea anayesoma. Kuna kipimo cha wanaume na kipimo cha wanawake. Kwa kimoja figo ni nzima, kwa kingine ni mbovu.

"Walibishana mbele yangu, Tata," alisema. "Kama wanunuzi wa ng'ombe."

"Na chako ni kipi?"

"Hakuna anayejua. Watu kama mimi hawajapimwa vya kutosha. Waliopimwa wengi ni wa Ulaya na Amerika, na hao nao si wengi."

Tolo alitazama pazia la chumba cha nyuma. Lilikuwa wazi bado.

Kulikuwa na njia moja. Hospitali kubwa ya mjini ilikuwa na utafiti wa watu kama Khanyiswa, na muuguzi wake, Sista Nobesuthu, alimpa chupa kubwa ya kahawia. Akusanye mkojo wote wa mchana na usiku mmoja, tone lisipotee. Mkojo huo ungeonyesha kazi ya figo zenyewe, bila kuuliza mwenye figo ni mwanamume au mwanamke. Madaktari wangekaa Jumatatu. Wakikosa majibu, kikao kingine ni baada ya miezi mitatu, na miezi hiyo yote hakuna dawa.

Jumamosi asubuhi chupa ikaanza kujazwa. Ilikaa kwenye friji, kando ya maziwa ya mgando. Mchana Khanyiswa akatoka kidogo kwenda kupachika geti la jirani, na Tolo akafungua friji atafute maziwa.

Aliishika chupa muda mrefu. Mama yake alimfundisha akiwa mdogo: kucha zako, nywele zako, kinachotoka mwilini mwako ni wewe. Hakiachwi mikononi mwa watu usiowajua. Kuna watu wanakitafuta. Na MaMpinga je? Hospitalini walimtoa damu, vichupa kwa vichupa, vikaondoka kwenye sinia, na Tolo hakuambiwa vimekwenda wapi wala vimesema nini. Kisha akarudishiwa maiti.

Huyu hawatamchukua. Alitoka nyuma ya nyumba, akamwaga yote chini ya mti wa pichi, akafukia kwa jembe. Akaisuuza chupa kwa maji matupu, akaiinamisha juani ikauke.

Khanyiswa aliporudi aliiona chupa kabla hajamwona baba yake. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi ya mlango na glavu zake za kazi mapajani.

"Tata. Umefanya nini?"

"Nimekulinda."

"Umenirudisha chumba cha nyuma."

Tolo akasimama. "Mpigie huyo muuguzi. Nitasema mimi."

Alisema. Hakuficha kitu, hata mti wa pichi. Upande wa pili Sista Nobesuthu akacheka, si kwa dharau. Akamwambia Baba Tolo kwamba yeye ni wa nne kufanya hivyo. Mwingine chupa yake ilizikwa zizini. "Sisi tulikuwa tunaandika kwamba washiriki wameacha utafiti," alisema. "Kumbe ni wazazi. Hakuna aliyetwambia, na sisi hatukuuliza." Kuanzia sasa, alisema, mtu akipewa chupa ataulizwa kwanza nyumbani kwake kuna nani. Kisha akaagiza: chupa ikishakauka, waanze upya Jumapili asubuhi. Jumatatu asubuhi itakuwa imetimia.

"Nikija nayo," Tolo akauliza, "nitaona inakokwenda?"

"Njoo, Baba. Utaona."

Jumapili nzima alikaa jikoni akilinda friji. Khanyiswa alipita na kikombe chake, akamwambia kwamba hata polisi hawalindi benki hivyo. Tolo akamjibu kwamba benki haiwezi kulogwa. Ilikuwa mara ya kwanza wao kucheka tangu mazishi.

Jumatatu walikwenda hospitali wote wawili, na Tolo aliipakata chupa njia nzima, imefungwa kwenye shali la MaMpinga. Kwenye kaunta wakauliza ni ya nani. "Ya binti yangu," akasema, akaendelea kuishikilia mpaka Sista Nobesuthu alipokuja mwenyewe. Tolo alisimama nyuma yake akitazama. Walipima wingi wa mkojo, wakachota kidogo kwenye kichupa, wakabandika namba bila jina. Uliobaki wakaumwaga chooni, wakavuta maji. Tolo alisogea kuhakikisha hakuna tone lililosalia. Hakuna aliyemzuia.

Alasiri wakaitwa. Figo zilikuwa nzima. Misuli ya kubeba vyuma ndiyo iliyoifanya damu ionekane vibaya. Dawa zingerudi siku hiyohiyo. Khanyiswa aliuficha uso wake kwenye shali.

Sista hakuwadanganya. Mifupa yake itakuwaje akizeeka, alisema, bado hawajui. Moyo, bado. Ndiyo maana wanapima, na watapima miaka. Tena wanahitaji na watu wengine wa nyumba zilezile, wanaokula chakula kilekile, ili walinganishe. Hao ndio wagumu kuwapata.

Tolo alikunja shali taratibu, pembe kwa pembe, kama MaMpinga mwenyewe alivyokuwa akilikunja.

"Chupa nyingine ipo?" akauliza.

"Ipo, Baba."

"Basi nipe. Ila huyu," akamwonyesha Khanyiswa kwa kidevu, "akae mbali na friji."