Mume Wangu Alisema Ditekta Hainitaki

Mume wangu alinishusha kitandani ili alaze chuma.

Soma tena kama hujaelewa. Mimi na mtoto mkekani, ditekta kitandani, tena imefunikwa shuka jipya.

Tulikuwa tunaishi Kalangalala, Geita. Mimi nauza mchele sokoni. Mume wangu, Maduhu, anazunguka maporini kutafuta dhahabu kwa ditekta, ile mashine inayolia ikipita juu ya madini.

Sasa huyu bwana alikuwa na mdomo. Kanisani haendi, kwa mganga haendi. Majirani wakipita Jumapili wamevaa vizuri, yeye anawacheka mpaka anakohoa.

"Nyie mna njaa ya kupiga magoti! Mimi siabudu kitu."

Na mimi nilimpenda kwa hilo. Waganga walishamaliza ng'ombe wa baba yangu, nikaona hapa nimepata mwanaume mwenye akili.

Akili gani!

Ditekta ilimpa dhahabu mara moja tu, kipande kama punje ya mahindi. Basi, akabadilika. Kila asubuhi anaisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," kwa adabu zote, kama anamwamkia mama yake mzazi. Mimi nimesimama hapo na chai yake, hata "umeamkaje" sipati. Nikiwa kwenye siku zangu, marufuku kuingia chumbani.

Kisha mashine ikanyamaza. Akaenda porini, akarudi mikono mitupu. Akaenda tena, vilevile.

Jioni moja akaniita.

"Mama Paskalia, mashine imekukataa. Jumamosi uende kwenu Maganzo."

"Imekwambia lini?"

"Usiikejeli!"

"Kwa hiyo ikilia, nabaki?"

"Ikilia utabaki."

Nililia jamani. Matofali ya nyumba ile niliyabeba mimi, nikiwa na mimba ya Paskalia. Leo nifukuzwe na chuma?

Halafu nikajiuliza, kwani mashine ikiharibika si inatengenezwa? Ikilia tu, nimebaki kwangu. Maduhu alipokwenda msibani, nikaifunga kwenye kanga nikaipeleka kwa Ignas, fundi wa redio pale stendi.

Ignas hata bisibisi hakushika.

"Shemeji, hii si ya Maduhu? Aliileta mwenyewe wakati wa masika. Iliingia maji, ikaungua yote ndani. Nilimwambia imekufa, haitengenezeki."

"Yaani anajua?"

"Nilimfungulia akaona kwa macho yake."

Nilirudi nyumbani na hasira zangu. Maduhu alikuwa mlangoni, ameshaona kitanda kitupu. Akaninyang'anya mashine kwanza, akaipapasa kama mama anayempapasa mtoto aliyeanguka. Alipomaliza ndipo akanizaba kofi. Tangu anioe hakuwahi kunipiga.

"Ulijua imekufa!" nikamwambia. "Ulijua, na bado unanifukuza mimi!"

Nilitegemea akane. Hakukana. Akakaa chini ameikumbatia.

"Kama imekufa kwa maji, basi sina kitu tena duniani. Lakini kama imenuna kwa sababu yako, ukiondoka italia."

Alisema hivyo ananitazama usoni, bila aibu hata kidogo. Nilimchukia palepale, na namchukia mpaka leo. Sikusubiri hiyo Jumamosi yake. Nilimbeba mwanangu, nikaondoka.

Nikadhani akibaki peke yake na ule ukimya, akili itamrudia.

Wapi! Nasikia sasa watu wanapanga foleni kwake. Wachimbaji waliokosa wanakuja kuiuliza mashine nani kawafungia riziki. Maduhu anabonyeza, haiwaki, anainamisha kichwa kama anayesikiliza, halafu anawatajia jina.

Juzi mlango wetu hapa Maganzo uligongwa. Nafungua, namkuta Sesilia, mke wa mchimbaji mmoja wa kule Geita, mteja wangu wa mchele, ana begi na shavu limevimba. Mumewe alikwenda kuuliza. Akatajiwa yeye.

Tunalala wote, tunakula wote. Nimfanyeje?

Najua mtakuja kwenye komenti kunifundisha kwamba binadamu kaumbwa na kiu ya kuabudu. Sawa, sibishani na nyie. Maduhu alikuwa wa mwisho kukubali hilo na wa kwanza kupiga magoti.

Ila mtu wako akipata cha kuabudu, usipoteze muda kuuliza kama kina uhai. Uliza nani analaumiwa kikinyamaza. Wakikuficha jina, ujue ni lako. Funga mizigo yako.