Robi Kahesabiwa Mwanamume

Kwa miaka kumi na tisa, mtu akitaka kujua lolote kuhusu wafanyakazi wa kampuni ile ya pamba, alimwendea Scholastika. Ofisi iko Musoma, kiwanda cha kuchambua pamba kiko Bunda, na yeye aliwajua watu wa kote kuwili: nani kaolewa, nani anaumwa mgongo, nani mtoto wa nani. Mameneja walikuja wakaondoka, yeye akabaki na makabati yake ya mafaili.

Kisha akaletwa Lilian, binti wa Shinyanga, kompyuta yake begani. Ndani ya miezi mitatu akatengeneza dashibodi, ukurasa mmoja tu wa kuonyesha kila idara ina wanawake wangapi na wanaume wangapi, na nani wanapanda vyeo. Meneja, Mzee Luhende, akaacha kuagiza mafaili. Siku moja akasema mbele ya watu kwamba sasa ndiyo anaijua kampuni yake. Scholastika alitabasamu pamoja na wengine, lakini chai ilimshinda kunywa. Yeye miaka yote hiyo alikuwa anamweleza nini?

Akaanza kumchukia Lilian kwa vitu vidogo. Viatu vyake. Hata ile "Shikamoo, Mama Yusto" ya kila asubuhi ilimkera, maana binti hakumpa pa kumshikia.

Ndipo Lilian akamletea orodha aikague. Wafanyakazi wengi wa zamani wa Bunda hawakuwa wamejazwa jinsia, kwa hiyo alikuwa amekisia kwa majina. Scholastika aliipitia na kalamu mkononi, hadi idara ya mashine: Robi Nyamhanga, mwanamume. Kwa mtu asiye wa Mara, Robi husikika kama Robert. Lakini Scholastika alimjua Robi, mwanamke wa Guta, mama wa watoto wanne, mwaka wa saba huu anaendesha mashine ya kuchambua pamba. Kalamu ikasimama. Akawaza jinsi Lilian atakavyoumbuka siku moja mbele ya wakubwa. Akatia saini.

Wiki mbili baadaye ikaja nafasi ya mwanamke mmoja wa idara ya mashine kwenda Mwanza kusomea usimamizi. Mzee Luhende akafungua dashibodi: wanaume thelathini na nane, mwanamke hakuna. Akasema basi aende Boniphace wa idara hiyo hiyo, kuliko nafasi ipotee. Scholastika alikuwamo kikaoni. Hakusema kitu.

Kesho yake mchana Robi akapiga simu. Habari ilikuwa imemfikia kiwandani. Hakufoka.

"Dada Schola, wewe ndiye uliniandika kazi," alisema. "Sasa huko kwenye kompyuta yenu nimekuwaga mwanaume tangu lini?"

Scholastika alimjibu kwamba ataangalia. Akaenda kwenye meza ya Lilian, akaweka kidole juu ya lile jina, akamweleza.

Lilian akaitazama saini. "Ulikuwa unajua, mama?"

"Nilikuwa najua."

"Kwa nini?"

"Watu walikuwa wanakuja kwangu," Scholastika alisema. "Siku hizi wanakuja kwako."

Lilian alisahihisha, akaenda kwa Mzee Luhende kusema kwamba yeye ndiye aliyekisia vibaya. Jina la Scholastika hakulitaja. Nafasi ikarudi kwa Robi. Mzee Luhende akamsifu binti kwa ukweli wake, na sauti ikapita ukutani, ikamchoma Scholastika pale pale panapouma. Safari hii aliinuka, akaingia, akaeleza saini ile ni ya nani na aliitia kwa nini. Alipewa barua ya onyo. Akaiweka kwenye faili lake kwa mkono wake mwenyewe.

Jumatatu walikwenda Bunda wote wawili, kumuuliza mfanyakazi mmoja mmoja. Scholastika aliita majina, Lilian akaandika. Wakakuta wengine watatu waliokosewa. Wafanyakazi wakamzunguka Lilian, kila mtu anataka kujiona kwenye skrini, na Scholastika akasikia wivu unapanda tena kifuani. Akameza mate, akaita jina lililofuata.