Niliyempakia Kwenye Keria

Ukitaka kucheka, cheka kwanza umalize, kisha unisikilize. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, jua bado lipo, na mpaka leo nikisikia harufu ya dagaa kavu natapika.

Tulipotoka Unguja kuja Maskati, mimi, mama na kaka yangu Nasoro, tulikaa Wattaya, kwenye bonde la mitende na ndimu. Kaka hakumaliza hata mwaka, homa ikamchukua. Nilimwosha na kumtia kaburini kwa mikono hii. Lakini majirani wakamjaza mama maneno, eti kijana wake hakufa, wachawi wamemficha. Sisi kwetu tungesema kafanywa msukule. Mama akaacha kula, akaacha kulala. Siku ninayokusimulia ndiyo kwanza alikuwa ameanza kurudi katika hali yake, nikimlisha wali kwa mkono wangu.

Kazi yangu ilikuwa Matrah, na kila alasiri nilirudi kwa baiskeli nikilifuata bonde, mto mkavu upande huu, mfereji wa maji ya mashamba upande ule. Njia ya mawe, lakini ina vivuli, nikiipenda sana. Siku hiyo nikamwona mtu mbele yangu anatembea kwa miguu. Nikamtolea salamu, hakuitika. Wenyeji walikwishatuonya kuwa asiyeitikia salamu bondeni usimpakie. Lakini sisi watu wa Unguja, tumwache mtu juani na keria iko tupu? Nikasimama, akapanda nyuma kabla sijamtazama uso.

Wallahi, kwanza ilikuja harufu. Dagaa waliooza na kokwa za tende zilizochemshwa, chakula wanachopewa ng'ombe hapa. Kisha mikono ikanizunguka kiunoni, ya baridi, inateleza, na majimaji yakaanza kunichuruzika mgongoni. Nikamsikia anatafuna. Nikageuka. Alikuwa kaka Nasoro. Miba ya samaki ilikuwa imemtoboa mashavu kutokea ndani, na bado anatafuna.

"Nna njaa," akasema.

Ungefanya nini wewe? Nilikanyaga pedali kama mwendawazimu, na moyoni nina jambo moja tu, mama asimwone. Nikakusudia kuipita nyumba niende moja kwa moja msikitini. Lakini mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Nasoro, mwanangu," akasema taratibu. "Ingia ndani ule."

Wali hakuugusa. Alikwenda kwenye hori la ng'ombe wetu, akainama, akala kwa mdomo, na mama akimpangusa udenda kwa ncha ya kanga. Nikakimbia kumwita shekhe. Tuliporudi hayupo.

Tangu hapo mama hupika chungu cha dagaa na kokwa kila jioni, akakiweka mlangoni. Ng'ombe tumeshamuuza. Asubuhi chungu kitupu, nami nikajipa moyo kuwa ni mbwa. Majuzi nimeamka alfajiri nimvizie huyo mbwa. Nikamkuta mama, kapiga magoti, uso umo chunguni.

Basi nisikilize, wewe unayepita mabondeni. Ukikutana na maiti wako, mpeleke popote utakapo, ila usimfikishe kwa mtu anayemlilia. Mama yangu yu hai, namshukuru Mungu. Wali ninaompikia anawamwagia kuku.